Korongo la Ol Njorowa Hutazamika Salama kutoka Ukingoni

Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, ilianzishwa mwaka 1984. Ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo wageni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli. Kutoka lango la Elsa, njia hupita kando ya mnara wa mwamba wa Fischer hadi korongo la Ol Njorowa.

Mandhari ya korongo huonekana vyema kutoka ukingoni, bila kuteremka. Mvua ikinyesha mbali, maji huweza kulijaza ghafla hata jua likiwaka. Mafuriko ya namna hiyo yaliua wageni mwaka 2012 na 2019. Wageni wabebe maji ya kunywa na kuzingatia maelekezo ya askari wa wanyamapori.