Umiliki wa pamoja wa mali na haki ya kulipiwa matibabu Marekani

MEDICAID ni mpango wa matibabu ulioanzishwa nchini Marekani mwaka wa 1965 kwa ajili ya watu wasiojiweza. Gharama zake hubebwa na serikali kuu kwa ushirikiano na majimbo, na ndio unaowalipia wazee wengi walio katika makao ya wauguzi, ambako mwezi mmoja waweza kumgharimu mtu zaidi ya dola 8,000. Wakenya wengi waishio huko huufahamu kupitia kazi ya kuwatunza wazee hao. Sasa baadhi yao, au wazazi wao, wamefikia umri wa kuuhitaji wenyewe.

Si kila mwombaji huulizwa kuhusu mali. Tangu mwaka wa 2014, watu wengi walio chini ya miaka 65 hupimwa kwa kipato pekee. Mali huchunguzwa hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi, vipofu, walemavu na wanaohitaji matunzo ya muda mrefu. Katika majimbo mengi, mtu asiye na mwenzi hatakiwi kuwa na mali inayozidi dola 2,000, ingawa nyumba anamoishi kwa kawaida haihesabiwi iwapo thamani yake haijapita kiwango kilichowekwa.

Hapo ndipo mali ya watu wawili au zaidi huleta utata, kwa maana sheria haitazami mali zote kwa jicho moja.

Akaunti ya benki ndiyo huwanasa wengi. Mama akimwandikisha bintiye katika akaunti yake ili amsaidie kulipa ada na bili, fedha zote huchukuliwa kuwa za yule anayeomba msaada. Ikiwa mwombaji ni binti, akiba ya mama itahesabiwa kuwa yake hadi athibitishe kwa stakabadhi kwamba hakuweka hata senti. Nusu kwa nusu haipo hapa, hata kama wenyewe waliafikiana hivyo.

Kwa ardhi na majengo, kinachohesabiwa kwa kawaida ni hisa ya mwombaji. Ndugu watatu waliorithi nyumba moja hukisiwa kuwa na thuluthi moja kila mmoja, isipokuwa hati ieleze vingine. Iwapo hisa haiwezi kuuzwa bila idhini ya wenzake nao wamekataa, huenda isihesabiwe. Lakini yapo majimbo yanayomtaka mwombaji aende mahakamani kuomba mali igawanywe. Aidha, sheria ya serikali kuu inayofuatwa na majimbo mengi huiacha kando nyumba ya pamoja ikiwa kuiuza kutamfanya mmiliki mwenza akose makao.

Kosa lililo ghali zaidi ni lile la mzazi kuliongeza jina la mwanawe katika hati ya nyumba akidhani ameikinga. Kisheria huko ni kutoa zawadi, na tangu mwaka wa 2006 maafisa hukagua miezi 60 iliyotangulia ombi. Chukulia nyumba ya dola 240,000: nusu aliyopewa mwana ni dola 120,000. Ikiwa jimbo linakadiria matunzo kuwa dola 10,000 kwa mwezi, mzazi hatalipiwa kwa miezi 12. Na adhabu hiyo haianzi siku zawadi ilipotolewa, bali pale mzazi anapokuwa tayari kwenye matunzo na ameishiwa na fedha. Ni vigumu kuuona ubinadamu wa hesabu hiyo.

Kuna misamaha. Nyumba yaweza kupewa mume au mke, mtoto aliye chini ya miaka 21, au mtoto kipofu au mlemavu. Hali kadhalika, mwana aliyeishi humo kwa miaka miwili akimtunza mzazi hadi asilazimike kuhamia makao ya wauguzi, na ndugu mwenye hisa aliyekaa humo kwa angalau mwaka mmoja. Kwa wanandoa, sheria ya mwaka wa 1988 humruhusu anayebaki nyumbani kujiwekea sehemu ya mali ya pamoja. Mwaka wa 2025 kikomo chake cha juu kilikuwa dola 157,920.

Kifo nacho hakifungi faili. Tangu mwaka wa 1993 majimbo yanatakiwa kudai gharama za matunzo kutoka kwa mirathi ya waliohudumiwa wakiwa na miaka 55 au zaidi. Baadhi huishia kwenye mali inayopitia mahakama ya urithi. Mengine hufuata hata hisa iliyomwangukia mmiliki mwenza. Mjane akiwa hai, hata hivyo, dai husubiri.

Ardhi iliyo Kenya haiko nje ya upeo huu. Fomu huuliza mali popote ilipo, na kuificha ni udanganyifu. Linaloamua ni kama mwombaji ana uwezo wa kuiuza. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, umiliki wa pamoja usiogawanyika huweza kuundwa baina ya wanandoa pekee, ila kwa ruhusa ya mahakama. Wengine humiliki kwa hisa. Shamba nalo huhitaji kibali cha bodi ya ardhi kabla ya kuuzwa. Aliye na hisa katika shamba la babake hana budi kuwasilisha hati, cheti cha mirathi au barua ya bodi, kwani afisa aliyeko Minnesota au Texas hana njia nyingine ya kujua kwamba ekari mbili zilizotajwa haziwezi kugeuzwa fedha.