Nodi Awendo: Nani Anaweka Daftari?

Swali moja nimeulizwa mara nyingi: je, mtu anaweza kuendesha nodi ya uthibitishaji wa blokucheni akiwa hapa Awendo, au hayo ni mambo ya Nairobi na Ulaya? Jibu fupi ni ndiyo, ila kwa jasho. Jibu refu ni historia, na leo nawapa hilo refu.

Tuanze na daftari. Katika chama cha akina mama alichokuwamo mama yangu, katibu alikuwa na daftari kubwa, lakini kila mwanachama alikuwa na kijitabu chake. Ubishi ukizuka, vijitabu vyote vinafunguliwa. Blokucheni ni chama cha namna hiyo, ila haina katibu. Kila nodi hukagua miamala yenyewe na kujiwekea hesabu yake. Asiye na nodi anategemea kijitabu cha mwenzake. Kwa hiyo tukiuliza nodi inahitaji mashine gani na mtandao gani, tunauliza pia ni nani anaweza kuwa shahidi.

Swali hili kwetu Kenya ni la zamani kuliko Bitcoin. Miaka ya 1990 intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti zilizo kilomita kama 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe kwenda na kurudi ulikula karibu nusu sekunde angani peke yake. Barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda jirani yake ingeweza kuzunguka ng'ambo kwanza. Novemba 2000 watoa huduma wakafungua KIXP, kituo cha kubadilishana data humu humu nchini. Wiki mbili hivi baadaye CCK, tume ya mawasiliano ya wakati ule, ikakifunga baada ya Telkom Kenya kulalamika. Kilifunguliwa tena Februari 2002, safari hii kikiwa na leseni.

Ikaja M-Pesa, Machi 2007. Tukatumiana pesa mpaka vijijini, lakini seva zilikuwa ng'ambo, na zilihamishiwa Kenya 2015. Huduma ilifanya kazi vizuri, sikatai. Ila kwa miaka minane daftari la pesa zetu lilikaa mbali nasi.

Sasa angalieni mwaka 2009. Tarehe 3 Januari bloku ya kwanza ya Bitcoin ilitengenezwa. Tarehe 23 Julai kebo ya baharini ya SEACOM ikawashwa, na mwaka huo huo TEAMS ikafika Mombasa kutoka Fujairah. Wakati ule nodi ya Bitcoin ilitosha kwenye kompyuta yoyote ya saiba. Shida yetu ilikuwa waya, na waya ndio kwanza ulikuwa unafika pwani. Leo waya upo, lakini daftari la Bitcoin limepita gigabaiti 600.

Ethereum nayo iliacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022. Badala ya mashine za kula umeme, mthibitishaji huweka dhamana ya etha 32 au zaidi, na kila dakika 6.4 anatoa ushahidi wake mara moja. Mashine inayopendekezwa ni ya kawaida: kichakataji chenye kokwa nne au zaidi, ramu ya gigabaiti 16 au zaidi, diski ya SSD yenye kasi ya terabaiti 2 kwenda juu, na intaneti ya megabiti 25 kwa sekunde. Linganisheni na Solana, inayotaka ramu ya gigabaiti 256 na mtandao wa gigabiti 1 kwenda na kurudi. Hiyo ya pili si ya chumba cha kupanga, ni ya kituo cha data.

Mimi nilijaribu kwenye mtandao wa majaribio, bila pesa halisi, chumbani kwangu. Mashine haikunisumbua. Kilichonisumbua kwanza ni intaneti ya simu. Bando liliisha upesi, maana nodi hupakia data usiku na mchana. Pia anwani ya mtandao ilikuwa ya kugawana na wateja wengine, kwa hiyo nodi za nje hazikuweza kubisha hodi kwangu. Faiba ya nyumbani, isiyo na kikomo cha data, ndiyo iliyonisaidia.

Cha pili ni umeme. Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikahisi. Betri itakuvusha saa kadhaa za giza, lakini kebo iliyokatika baharini haina betri.

Hapa ndipo watu wengi wangepoteza pesa. Mkenya akizoea umeme kupotea hufikiria mashine ya pili ya akiba, yenye ufunguo ule ule wa siri. Usifanye hivyo! Mashine zote mbili zikiwa hewani na kutoa ushahidi unaokinzana, mtandao unakuhesabu mwongo, unakata dhamana yako na kukutoa. Kuzimika tu kuna adhabu ndogo, karibu sawa na malipo ambayo ungepata muda huo. Afadhali ulale gizani kuliko kutoa ushahidi mara mbili.

Jambo la mwisho, la nyumbani. Mto Kuja una kituo cha umeme cha Gogo, megawati 2, kilichojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mgodi wa Macalder. Umeme wetu wa kwanza mkubwa ulikwenda kuchimba mali ya wengine. Tangu 2022 kampuni ya Gridless imekuwa ikiweka mashine za kuchimba Bitcoin kando ya mitambo midogo ya maji humu Kenya. Uchimbaji ni kazi tofauti na uthibitishaji, lakini swali ni lile lile: mashine ikiwa kwetu, daftari ni la nani?

Etha 32 sina, na wengi wenu hamna. Lakini nodi ya kukagua tu haidai dhamana hata senti. Diski moja, faiba na betri, basi unacho kijitabu chako. Mimi changu kinawaka hapa pembeni ninapoandika. Tuonane wiki ijayo, stima ikiruhusu.