Muziki wa kale wa India: Kwa nini wasikilizaji huhamia tamashani kwa wiki nzima?

Matamasha mengi ya muziki nchini India hufanana na ya kwingineko: msikilizaji huketi saa mbili au tatu, hupiga makofi, kisha hurudi nyumbani. Lakini lipo moja ambalo washiriki huenda na shuka na nguo za kubadilisha. Hulala katika mabweni ya chuo, hula pamoja na huamka kabla ya jua kuchomoza.

Nani huliandaa?

Tamasha hilo ni mkutano wa kila mwaka wa SPIC MACAY, jumuiya ya kujitolea inayowapelekea wanafunzi muziki na sanaa za kale za India. Ilianzishwa mwaka 1977 na Kiran Seth, mhadhiri katika chuo cha teknolojia cha IIT Delhi. Alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu mjini New York, Seth aliwasikia ndugu wawili wa ukoo wa Dagar wakiimba dhrupad, mtindo mkongwe wa uimbaji wa kaskazini mwa India. Aliporudi nyumbani kufundisha, alitaka wanafunzi wake nao wapate nafasi ya kuusikia muziki huo. Mwaka 2009 serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri.

Muziki wenye saa zake

Msingi wa muziki huu ni raga. Raga si wimbo, bali ni mpangilio wa sauti ambao msanii huutumia kubuni mahadhi papo hapo. Kwa desturi ya kaskazini, kila raga ina wakati wake. Bhairav ni ya alfajiri, Sarang ni ya mchana, Yaman huimbwa giza linapoingia, na Darbari Kanada husubiri usiku mkubwa. Kusini, kwenye muziki wa Carnatic, sharti hilo halina nguvu sana.

Hapo ndipo penye tatizo. Kumbi za mijini hufunguliwa jioni, watu wakishatoka kazini. Hivyo raga za jioni husikika mara kwa mara, ilhali za alfajiri na za mchana hukosa wasikilizaji. Anayelala tamashani huzisikia zote, kila moja kwa saa yake. Tamasha huwa pia na usiku mmoja wa muziki mpaka kunakucha.

Siku inavyokwenda

Siku huanza kwa yoga na mazoezi ya sauti. Hufuata shramdan, yaani kazi ya mikono ya kujitolea kama vile kufagia, na hakuna anayelipwa. Chakula ni cha kawaida, kisicho na nyama. Kisha kila mshiriki huketi na mwalimu wa sanaa aliyoichagua: uimbaji, ala, uchoraji, au ngoma kama Kathak na Odissi. Mwalimu huimba kipande, wanafunzi hukirudia, naye husahihisha. Ndivyo muziki huu ulivyorithishwa kwa karne nyingi, kutoka kwa guru hadi kwa mwanafunzi aliyeishi nyumbani kwake.

Namna ya kusikiliza

Wapenzi wa taarab ya Mombasa wanaifahamu tabla, na wengi wanazikumbuka nyimbo za Juma Bhalo zenye mahadhi ya filamu za Kihindi. Muziki wa kale, hata hivyo, hauna haraka ya filamu. Msanii huanza na alap: anaifungua raga polepole, bila ngoma, huku tanpura ikivuma nyuma yake. Mgeni anaweza kudhani wimbo bado haujaanza, kumbe hapo ndipo raga inapojitambulisha. Baadaye tabla huingia na mzunguko wa mapigo. Ulio maarufu zaidi, teental, una mapigo 16. Msikilizaji akilishika pigo la kwanza, ataona jinsi mwimbaji na mpiga tabla wanavyoachana na kukutana tena hapo hapo.

Kwa nini jambo hili ni muhimu?

Zamani wanamuziki walitunzwa na wafalme. Baada ya uhuru wa mwaka 1947 falme hizo ziliunganishwa na taifa, na tegemeo hilo likaondoka. Radio ya taifa, All India Radio, ikawa mwajiri mkubwa wa wasanii, na ikawapelekea wananchi wa kawaida muziki ambao awali ulikuwa wa majumba ya kifalme. Leo muziki huo unashindana na simu na nyimbo za filamu.

Wiki moja haimfanyi mtu kuwa mwanamuziki, kwani kazi hiyo huchukua miaka mingi mbele ya mwalimu. Lakini inatosha kumfanya awe msikilizaji, na muziki unaobuniwa papo hapo hauwezi kuishi bila mtu aliyeketi mbele ya msanii na kuelewa anachofanya.