Mti, Sandarusi na Rangi: Ala za Nyuzi katika Historia ya Mombasa

Nguzo ya Mbaraki, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa kando ya msikiti wa kale kusini-magharibi mwa kisiwa cha Mombasa, ina kimo cha takriban mita 8, na ndani yake ni tupu. Imesimama karne kadhaa karibu na hori linaloingia kutoka Kilindini, mahali ambapo hewa ya chumvi, unyevu na mchwa haviachi ubao kukaa salama usipohifadhiwa. Kwa hiyo kila aliyefanya kazi ya mbao kisiwani alilazimika kujibu maswali mawili kabla ya kushika randa: ni mti gani utumike, na upakwe nini. Mwanamuziki anayeagiza gitaa la umeme la kuundiwa yeye mwenyewe huuliza maswali hayo hayo, ingawa kwa muda mrefu yaliulizwa zaidi kuhusu vyombo vya baharini na milango ya Mji wa Kale.

Kwa milango na majahazi mti uliosifiwa ni mbambakofi, wenye mbao nzito za rangi ya kahawia nyekundu zisizoliwa na mchwa upesi, na pamoja nao mvule, na msaji ulioletwa kutoka Bara Hindi na majahazi yaliyosukumwa na kaskazi. Chombo kilipakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, hasa ya papa, kwenye mbao zilizo juu ya maji, na chini kikapakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Hizo zilikuwa dawa za kuhifadhi, wala hakuna aliyezichagua kwa uzuri wake au kwa harufu yake.

Ala za muziki zilidai jambo jingine. Kibangala, ala ya nyuzi iliyo na ndugu yake Yemeni, huchongwa kwa kipande kimoja cha mti kuanzia tumbo hadi shingo, kikachimbwa ndani na kuwambwa ngozi; udi, ambao Zein l'Abdin aliupiga Mombasa kwa ustadi uliomfanya ajulikane pwani nzima, huundwa kwa vipande vyembamba vilivyopindwa na kugundishwa, na uso wake ni ubao mwepesi ambao kwa kawaida huachwa bila vanishi, kwa kuwa vanishi nzito huuzuia kutikisika. Mti uliofaa mlango haukufaa sauti.

Katika swali la pili, la kupaka nini, pwani ilikuwa na mali iliyotafutwa mbali sana. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi, mti unaoota hata leo katika msitu wa Arabuko-Sokoke kaskazini ya Mombasa. Utomvu mbichi uliitwa chakazi na bei yake ilikuwa duni. Ulioiva ulichimbwa mchangani, hasa Mrima, yaani ukanda wa bara unaoelekeana na Unguja, mara nyingi mahali ambapo miti yenyewe ilikwisha kutoweka. Baada ya kuoshwa kwa maji ya magadi, uso wake ulionyesha vipele vidogo kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa, na mnunuzi alivitazama hivyo kabla ya kutaja bei. Ugumu ndio uliokuwa thamani yake, kwani sharti iyeyushwe kwa moto wa karibu nyuzi 300 za Selsiasi ndipo ikubali kuchanganyika na mafuta ya kitani na tapentaini, na vanishi inayotokana nayo hung'aa na haikwaruziki upesi.

Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, mwaka 1833, na mwaka 1837, mwaka ule ule ambao Mombasa iliwatoka watawala wake wa ukoo wa Mazrui ikaingia mikononi mwa Sayyid, Richard Waters wa Salem alikaa Unguja akiwa konseli. Merikebu za Salem zilibeba sandarusi hadi Massachusetts, ambako Jonathan Whipple alikuwa na kiwanda cha kuisafisha, nayo ikaishia juu ya magari ya farasi na samani. Katika miaka ya 1920 kampuni ya DuPont ilianza kuuza Duco, rangi ya nitroselulosi iliyokauka kwa saa badala ya siku nyingi, na viwanda vya magari vikaiacha vanishi ya mafuta.

Rangi hiyo ya magari ndiyo iliyohamia kwenye gitaa. Mwaka 1950 Leo Fender wa California alianza kuuza gitaa lenye mwili wa mti mzima usio na uwazi, ambamo sumaku zilizo chini ya nyuzi za chuma hugeuza mtikisiko kuwa umeme, na kabla ya muongo huo kwisha kampuni yake ilikuwa ikipaka magitaa rangi za magari, mojawapo ikiwa Fiesta Red, nyekundu ya Ford. Kwa kuwa tumbo la kukuza sauti halikuhitajika tena, mti ulipoteza sehemu kubwa ya kazi yake ya zamani. Wapigaji bado hubishana kama mti hubadili sauti ya gitaa la umeme. Lililo wazi zaidi ni kwamba hubadili uzito begani na sura machoni. Pwani ya Kenya ilikuwa na mpigaji wake mapema: Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924 na kutumbuiza wanajeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, huhesabiwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Ala zilizofuata katika bendi za hoteli zilikuja zimekwisha kupakwa, na uchaguzi ulikwisha kufanywa kiwandani.

Fundi wa Mombasa anayetaka kuurudisha uchaguzi huo ana miti ya kutosha ya kupima. Mbambakofi una karibu kilo 800 kwa mita moja ya ujazo, ilhali mti wa alder aliouzoea Fender una karibu 450, kwa hiyo mlango mzuri ungekuwa gitaa la kuumiza bega; mkangazi, ndugu wa mahogani, ni mwepesi zaidi na hupokea msasa vizuri. Kuhusu rangi, nitroselulosi huwa manjano na kupasuka nyufa kadiri miaka inavyopita, na kwa jasho na unyevu wa kisiwa poliyurethani ya gereji ni chaguo la busara, hata kama wakusanyaji wa magitaa ya kale wataikunjia uso. Rangi haikosi kuficha mistari ya mti. Anayetaka mistari hiyo ionekane hana budi kutumia mafuta au vanishi isiyo na rangi, na kuridhika kuirudia mara kwa mara.

Ubao wa vidole, ule ambao nyuzi hukandamizwa juu yake, ungefaa uwe wa mpingo, mti mzito unaozama majini na ambao viwanda vya Ulaya huutumia kwa klarineti. Hapo sheria huingilia. Tangu Januari 2017 mpingo, pamoja na karibu jamii yake yote, umo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Mwaka 2019 ala zilizokamilika ziliondolewa katika udhibiti huo, lakini magogo na mbao zilizopasuliwa hazikuondolewa. Gitaa la kigeni lenye ubao wa mpingo huweza kuingia Kilindini bila kibali cha CITES, ilhali fundi wa Mombasa anayenunua shehena ya mbao hizo Tanzania hukihitaji.