Keria ya Baba na Udongo wa Ntuzu

Usiku usio na mwezi baba alijua amefika wapi kwa kusikiliza tairi. Juu kabisa, kwenye isanga, ule mchanga unaomomonyoka kutoka kwenye majabali ya vilima, tairi lilinong'ona tu. Akishuka kwenye luseni lilizama kidogo na mapaja yakaanza kuwaka. Kwenye itogolo ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu na baiskeli ilienda yenyewe. Ikifuata ibushi, yenye vijiwe vyeupe vya chokaa, ringi ziligongwagongwa hadi kengele ikalia bila kuguswa. Chini kabisa bondeni ilikuwa mbuga, udongo mweusi, na hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa yuko wapi.

Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo kutoka Uingereza, Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliona jinsi udongo wa Usukuma na sehemu nyingine za Afrika Mashariki unavyobadilika hatua kwa hatua kutoka kilimani hadi bondeni. Mpangilio huo akauita katena, na neno hilo limo katika vitabu vya udongo dunia nzima hadi leo. Sisi watu wa Ntuzu, huku Bariadi, tulikuwa na jina la kila ngazi tangu zamani. Majina hayo baba aliyajifunza akiwa na jembe mkononi, akayathibitisha akiwa juu ya tandiko.

Raleigh yake aliinunua baada ya msimu wa pamba wa 1957, miaka miwili kabla sijazaliwa. Ilikuwa nyeusi, magurudumu ya namba 28, breki za vyuma, na mbele chini ya usukani ile nembo ya kichwa cha korongo. Siku hizo Bariadi ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Maswa, katika Jimbo la Ziwa. Mkoa wa Simiyu haukuwepo. Ulianzishwa mwaka 2012.

Historia ya pamba ya Usukuma ikisimuliwa, husimuliwa kwa mambo makubwa. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika 1928 na kutuachia stesheni ya Malampaka. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru na mbegu zake za pamba. Paul Bomani na wenzake, waliowakusanya wakulima waliochoka kupunjwa kwenye mizani, wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho lililoitwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Kufikia 1959 pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilikuwa ikinunuliwa kupitia vyama. Haya yote ni kweli na yanastahili heshima. Lakini pamba haikuota kando ya reli, wala haikujipeleka kwenye mizani. Kati ya shamba na chama palikuwa na kilomita kumi, kumi na tano, na juu ya kilomita hizo palikuwa na kichwa cha mama, au punda, au mkokoteni wa mwenye maksai, au keria ya baiskeli. Keria sijaiona ikitajwa kwenye vitabu. Ndiyo sababu naandika.

Nieleze mzigo ulivyofungwa. Gunia lilining'inizwa kwenye tawi la mwembe, mdomo wazi, nasi watoto tuliingizwa ndani mmoja mmoja kukanyaga. Pamba ni nyepesi na ina kiburi; usipoikanyaga, gunia zima halifikishi uzito wa maana. Ulikanyaga mpaka ukajikuta umepanda kutoka kiunoni mwa gunia hadi mdomoni, nywele zimejaa nyuzi, koo limejaa vumbi. Baba alipitisha mkono kukagua kama hatukuchanganya fifi, ile pamba chafu ya daraja la pili, na safi. Gunia lililokazwa vizuri lililazwa kwenye keria, likafungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, kwa sababu kamba ya katani hulegea njiani lakini mpira huvuta. Kisha akachukua fimbo imara, urefu wa mkono, akaifunga wima nyuma ya tandiko. Mkono wa kushoto ulishika usukani, wa kulia fimbo ile, na safari ikaanza kwa miguu.

Hili ndilo wageni wasiolijua: baiskeli ya pamba haikupandwa, ilisukumwa. Baba aliipanda wakati wa kurudi tu, gunia tupu likiwa limekunjwa kwenye keria na karatasi ya malipo mfukoni. Kwa hiyo ukiniuliza baiskeli ilileta nini Usukuma, sitaanza na mwendo wa kasi. Ilimpa mtu mmoja uwezo wa kuhamisha uzito wa mtu mwingine mzima bila ng'ombe wala deni.

Mito ndiyo ilikuwa mtihani. Simiyu na Duma hutoka upande wa Serengeti na kuteremkia Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria. Kiangazi huwa mchanga mtupu wenye madimbwi. Masika hujaa maji mekundu kwa saa chache na kung'oa miti. Korongo lenyewe si refu sana kwenda chini, lakini kingo zimesimama. Kwenye mchanga tulifungua mzigo, watu wawili wakabeba gunia, wa tatu akajitwika baiskeli begani. Ng'ambo tulifunga upya. Nikiwa na miaka tisa nilipewa kazi ya kubeba pampu na kopo la solusheni, nami nikajiona karani mkuu wa msafara.

Keria hiyohiyo ilibeba mahindi kwenda kusagwa, ilibeba mtungi, ilibeba mahari kidogo. Usiku mmoja ilimbeba mama akiwa na uchungu wa mdogo wangu wa mwisho. Baba alisukuma, mjomba akamshikilia mgongoni, mimi nikatangulia na taa. Tulipofika kwenye mbuga mama aliteremka mwenyewe, akavuka kwa miguu matope yakimfika magotini, akapanda tena ng'ambo. Mtoto alizaliwa alfajiri, salama. Mama hakuwahi hata siku moja kuiendesha baiskeli ile. Wanawake wa rika lake hawakufundishwa. Wajukuu zake wa kike leo wanaziendesha kwenda sekondari, sketi zimekunjwa vizuri, na kila nikiwaona namkumbuka yeye katika matope yale.

Baada ya vita vya Kagera, 1978 na 1979, bidhaa zilipotea madukani. Tairi likawa kitu cha kuombewa kibali. Baiskeli za Swala zilizoundwa Dar es Salaam zilisubiriwa kwa orodha. Fundi wetu alishona tairi lililopasuka kwa nyuzi za nailoni, akaweka ndani kipande cha tairi jingine, na mwenye kukosa tyubu alijaza nyasi zilizosokotwa. Baiskeli ya namna hiyo huenda ikidunda kama mtu mwenye kiatu kimoja. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, Phoenix za Shanghai zikajaa, na Raleigh ya baba ikaonekana mzee miongoni mwa vijana.

Vijana hao waliigeuza keria kuwa kiti. Walishona mto wa sponji, wakafunga vikanyagio kwenye ekseli ya nyuma, wakabeba abiria: Shinyanga, Kahama, Mwanza, na kwetu pia. Kule mpakani Busia waliziita bodaboda. Sisi tulisema daladala. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, malori yalianza kufika karibu zaidi na mashamba, na gunia likashuka kwenye keria polepole. Pikipiki zilimaliza kilichobaki.

Siamini, hata hivyo, kwamba miguu ile iliyosukuma mizigo ilipotea. Tamasha la Simiyu Jambo lilipofanyika Bariadi, wapanda baiskeli walisimama uwanja mmoja na wachezaji wa Wagika na Wagalu, vikundi vya ngoma vya jadi, waliokuja kushindana kwa ngoma, na watu walijipanga kandokando ya lami kama wanavyojipanga kutazama harusi. Barabara ya Lamadi hadi Bariadi, kilomita 71 na ushee, ilizinduliwa mwaka 2017, na vijana hufanya mazoezi humo asubuhi wakiwa na baiskeli zenye tairi nyembamba kama kidole. Nilimuuliza mmoja wao alijifunzia wapi kupanda mlima bila kuinuka kwenye tandiko. "Shikamoo, mzee," akaanza kwanza, kisha akasema, "kwa kubeba maji."

Naendesha bado, taratibu. Lami huniacha kwenye njia ya kwenda nyumbani, na baada ya hapo ni zilezile ngazi za udongo, isanga hadi mbuga. Masika yaliyopita nilishuka bondeni nikasikia tairi likinyamaza, madigadi yakakaba kwa udongo mweusi, gurudumu likakataa kuzunguka. Nikapapasa chini ya tandiko. Baba alikuwa akichomeka pale kijiti cha mkole, kilichochongwa ncha bapa, cha kukwangulia matope, na kila baiskeli niliyopata kumiliki imekuwa na chake. Nikakichomoa, nikainama, nikaanza na gurudumu la nyuma.