Haki ya chakula: Katiba ya Kenya inakupa nini hasa?

Ukame unapobisha hodi, gunia la mahindi ya msaada hupokewa kama hisani ya serikali. Kisheria, si hisani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 53 kinamhakikishia kila mtoto lishe ya msingi.

Haki hii ilitoka wapi?

Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 lilitaja chakula katika kifungu cha 25, lakini halikuwa mkataba. Nguvu ya kisheria ilikuja na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa 1966, kifungu cha 11. Kenya ilijiunga nao mwaka 1972.

Je, serikali inapaswa kunilisha?

Si kila siku. Mwaka 1999, kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilifafanua wajibu wa aina tatu:

- Kuheshimu: serikali isikuvurugie njia yako ya kujipatia chakula.
- Kulinda: izuie wengine wasikudhuru, mfano muuzaji wa unga wenye sumukuvu.
- Kutimiza: iwawezeshe watu kulima, kufuga au kununua, na iwape chakula wasioweza kujikimu kwa sababu zilizo nje ya uwezo wao.

Na ikidai haina pesa?

Kifungu cha 21 kinaruhusu haki hii itimizwe hatua kwa hatua. Hata hivyo, kwa mujibu wa kifungu cha 20, ni serikali yenyewe inayopaswa kuthibitisha kwamba rasilimali hazipo. Kusema tu hakutoshi.

Mahakama imewahi kuamua?

Ndiyo. Mwaka 2011, Mahakama Kuu ya Embu ilisikiliza kesi ya wakazi zaidi ya 1,000 wa Medina, mjini Garissa, waliofurushwa na nyumba zao kubomolewa. Iliamua kwamba haki zao kadhaa zilikiukwa, ikiwemo ya kutokuwa na njaa, na ikaagiza walipwe fidia. Uamuzi huo ulionyesha kwamba njaa haisababishwi na ukame pekee. Tingatinga pia huileta.

Mwananchi afanye nini?

Kifungu cha 22 kinakuruhusu kwenda mahakamani kwa niaba yako, au ya mwingine asiyeweza kujitetea, na hakuna ada ya kufungua kesi ya aina hiyo. Kabla ya kufika huko, kumbuka kwamba huduma za kilimo ziko mikononi mwa kaunti. Bajeti inapojadiliwa, hudhuria kikao cha umma uulize: fungu la mbegu, maji na mifugo ni kiasi gani, na la mwaka jana lilitumikaje?