Kulima mchicha na bamia kwenye nchi ya theluji

Mwaka wangu wa kwanza hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, nilipoteza miche yote ya nyanya usiku mmoja. Ilikuwa mwisho wa Aprili, jua limewaka wiki nzima, nikadhani baridi imekwisha. Asubuhi nikakuta majani yamelegea na kuwa meusi, kama yaliyomwagiwa maji moto. Ilikuwa jalidi, ule umande unaoganda usiku. Nawaandikia ndugu zangu wa Pwani mlioko huku, na mnaojiandaa kuja, ili hasara yangu isiwe yenu.

Kwetu mkulima husubiri mvua. Huku husubiri jalidi liondoke. Kabla ya katikati ya Mei si salama, na Oktoba baridi hurudi. Msimu ni kama miezi 5 tu.

Kwa hivyo nyanya, pilipili na mabiringani huanzishwa ndani ya nyumba, wiki 6 hadi 8 kabla ya kuhamishwa. Iwekeeni miche taa. Mwanga wa dirishani pekee huifanya irefuke na kulegea. Kisha itoeni nje kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, izoee upepo na jua.

Mchicha na bamia hupandwa moja kwa moja ardhini, lakini udongo uwe umeshika joto. Mimi hungoja Juni. Mwezi huo mchana hupita saa 15, na mchicha hukua upesi kama wa nyumbani.

Si kila mmea unaogopa baridi. Kale, ndugu yake sukuma wiki, hupandwa Aprili na huwa tamu zaidi ikipigwa na jalidi. Kitunguu thomu hupandwa Oktoba, hufunikwa nyasi kavu, hulala chini ya theluji, kisha huvunwa Julai.

Kwa matunda, embe na nazi zisahauni. Mtufaha ndio unaohitaji baridi ili uchanue vizuri. Aina ya Honeycrisp ilitolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, nayo huvumilia majira ya huku.

Mbegu msizifiche kwenye sanduku la safari. Sheria inataka karatasi za ukaguzi wa mimea, na bila hizo hutwaliwa uwanja wa ndege. Nunueni huku huku.

Juzi mama aliniuliza kwa simu, "Mwanangu, huko kwenye barafu mwala nini?" Nikamtumia picha ya sufuria: mchicha wa shambani kwangu, kwa tui la mkebe.